Modeli ya daraja la reli

Modeli ya daraja la reli ni kielelezo kidogo cha daraja linalopitisha treni, kilichotengenezwa kwa kufuata uwiano maalumu wa vipimo unaoitwa skeli. Modeli za aina hii hutengenezwa na wapenzi wa reli ndogo za mezani, makumbusho, vyuo vya ufundi na shule. Mbali na umbo kuu, yaani nguzo, mihimili na njia ya reli, modeli kamili huwa na sehemu ndogondogo kama ribiti, vikalio vya mihimili, reli za kinga, vishikio na vijukwaa.

Sehemu hizo ndogo si mapambo tu. Katika daraja halisi kila moja ina kazi, na kwa hiyo katika modeli kila moja humweleza mtazamaji daraja lilijengwa lini, hubeba nini na limewahi kutengenezwa upya wapi. Kipuri kilichonunuliwa dukani kikafungwa bila kulinganishwa na daraja halisi kinaweza kusema uongo, hata kama kimetengenezwa kwa ustadi. Makala hii inaeleza sehemu hizo, upatikanaji wake na ufungaji wake, kwa kutumia madaraja ya Reli ya Kati ya Tanzania, hasa upande wa Tabora, kama mfano.

## Historia kwa ufupi

Treni za kuchezea zilianza kuuzwa Ulaya katika karne ya 19. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig treni za kuchezea zenye vipimo vya njia vilivyopangwa kwa namba, ili reli, mabehewa na madaraja vinavyonunuliwa kwa nyakati mbalimbali viweze kuungana. Mwaka 1901 Frank Hornby wa Liverpool, Uingereza, alipata hataza ya mfumo wa vipande vya chuma vyenye matundu na bolti, ambao baadaye uliitwa Meccano. Watoto wengi walijifunza kuunda madaraja kwa vipande hivyo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia plastiki ilifanya modeli kuwa rahisi. Kampuni ya Faller, iliyoanzishwa Gütenbach, Ujerumani, mwaka 1946, ni mojawapo ya zile zilizosambaza seti za majengo na madaraja ya kuunganisha. Leo vipuri vidogo hutengenezwa kwa plastiki, kwa shaba iliyochongwa kwa tindikali, kwa metali laini ya kumimina na kwa mashine za kuchapisha vitu vya umbo kamili.

Afrika Mashariki ina desturi yake ya kuunda vielelezo: watoto hutengeneza magari ya waya, makopo, mabua na kandambili zilizochakaa. Ujuzi wa kukunja waya na kukata bati unaotumika humo ndio ule ule unaohitajika kwa modeli ya daraja. Kinachoongezeka ni kupima.

## Daraja la mfano: Reli ya Kati na Tabora

Kabla ya reli, Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Njia kuu kutoka Bagamoyo iligawanyika hapo: moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine kaskazini kuelekea Ziwa Viktoria na Buganda. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa takriban kilo 30. Mhimili wa daraja la chuma haugawanyiki katika mizigo ya namna hiyo. Ni reli yenyewe iliyobeba madaraja yake: njia ilipofika kwenye mto, vipande vizito vya daraja lililofuata vililetwa na treni juu ya njia iliyokwisha kulazwa.

Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Kijerumani, chini ya kampuni ya Philipp Holzmann ya Frankfurt. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Urefu wake wote ni takriban kilomita 1,250, na upana kati ya reli mbili (geji) ni milimita 1,000. Tawi la Tabora hadi Mwanza lilikamilika mwaka 1928, na tawi la Kaliua hadi Mpanda mwaka 1950.

Jinsi vipande vikubwa vilivyosafiri kwa njia hiyo huonekana vizuri katika habari za meli ya Graf von Götzen, inayojulikana leo kama MV Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika masanduku takriban 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa meli na kutoka hapo Kigoma kwa reli kupitia Tabora. Iliunganishwa tena kwa ribiti na kushushwa ziwani Februari 1915. Kazi ya kupanga vipande kwa namba na kuviunganisha kwa utaratibu ni ile ile anayoifanya mtengeneza modeli mezani kwake.

Maumbile ya nchi huamua sura ya madaraja:

* Kati ya Manyoni na Tabora reli hupita juu ya uwanda wa juu wenye mito michache ya kudumu. Mabonde mengi hujaa maji wakati wa masika tu. Yanayohitajika zaidi ni makalavati na madaraja mafupi juu ya mchanga mkavu.
* Magharibi mwa Tabora, kuelekea Kigoma, kuna bonde la Malagarasi lenye vinamasi vipana. Hapo tuta refu la reli ni sehemu ya sura ya nchi sawa na daraja lenyewe.
* Kwenye tawi la Mpanda reli huvuka mto Ugalla.
* Mashariki, kati ya Kilosa na Gulwe, reli hufuata bonde la mto ambao mafuriko yake yameharibu njia mara nyingi. Huko kuta za mawe na nyavu zilizojazwa mawe za kulinda kingo ni sehemu muhimu ya kila daraja.

Kwa hiyo modeli inayotaka kuonyesha Tabora kwa kawaida haina daraja refu la matao juu ya korongo. Ina mihimili mifupi ya chuma, kuta za mawe au zege, mchanga, nyasi kavu na miti ya miombo.

Historia pia imeacha alama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Kijerumani yaliyokuwa yakirudi nyuma yalilipua madaraja ya Reli ya Kati. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Tabora Septemba 1916, na yale ya Uingereza yalikuwa yamechukua Dar es Salaam mwanzoni mwa mwezi huo huo. Madaraja yalirekebishwa kwanza kwa kazi za muda, kisha kwa kazi za kudumu. Ndiyo maana mwenye modeli hana budi kuamua kwanza anaonyesha mwaka gani: 1914, 1917 au leo.

## Skeli na geji

Skeli huonyesha ni mara ngapi kitu kimepunguzwa. Skeli ya 1:87, iitwayo H0, ndiyo inayotumika zaidi duniani. Nyingine ni 1:160 (N), 1:120 (TT) na 1:45 au karibu yake (0). Kipimo cha modeli hupatikana kwa kugawa kipimo halisi kwa namba ya skeli.

Njia ya H0 ya kawaida ina upana wa milimita 16.5, kwa sababu huonyesha reli ya geji ya milimita 1,435:

1,435 ÷ 87 = 16.5

Reli ya Kati ya zamani ni nyembamba zaidi:

1,000 ÷ 87 = 11.5

Kwa geji ya mita hutumika njia yenye upana wa milimita 12, ambayo katika viwango vya Ulaya huitwa H0m. Tofauti ya nusu milimita haionekani kwa macho. Lakini daraja la H0 lililotengenezwa kwa ajili ya njia ya milimita 16.5 huwa pana mno. Likiwekewa njia ya milimita 12, mihimili iliyokusudiwa kusimama karibu na mstari wa reli hukaa mbali nazo, na mataruma hubaki yakining'inia bila maelezo. Hilo ni kosa la kwanza la seti nyingi zinazoagizwa.

Njia ya milimita 12 huuzwa pia kwa skeli ya TT. Inafaa kwa magurudumu, lakini mataruma yake yako karibu karibu kupita ya H0m, kwa kuwa yalipimwa kwa 1:120. Wengi huchukua reli zake tu na kuweka mataruma mengine.

Reli ya TAZARA ina geji ya milimita 1,067, sawa na reli za Afrika Kusini. Katika 1:87 hiyo ni milimita 12.3, hivyo nayo hutumia njia ya milimita 12.

## Sehemu za daraja na kazi zake

Majina ya sehemu hutofautiana kati ya mafundi. Zifuatazo ni zile zinazoonekana katika daraja la kawaida la mihimili ya chuma.

Mhimili wa bamba. Ni bamba la chuma lililosimama, lenye kingo za juu na chini zilizoongezwa chuma cha pembe. Hubeba uzito wote wa treni.

Vikazio. Ni vyuma vya pembe vilivyosimama wima kwenye bamba ili lisijikunje. Huwekwa karibu karibu zaidi kwenye ncha za mhimili, ambako nguvu za kukata ni kubwa, na lazima viwepo juu ya kikalio.

Ribiti. Ni vipande vya chuma vyenye kichwa cha mviringo vilivyopachikwa vikiwa vya moto na kugongwa upande wa pili. Madaraja ya mwanzo wa karne ya 20 yaliunganishwa kwa ribiti. Baadaye zilichukuliwa nafasi na bolti za nguvu na uchomeleaji. Ribiti iliyolegea katika daraja la zamani kwa kawaida hubadilishwa kwa bolti, kwa hiyo vichwa vichache vyenye pembe sita katikati ya safu ya vichwa vya mviringo ni alama ya matengenezo.

Vikalio. Ni vyuma vinavyokaa kati ya mhimili na nguzo. Chuma hutanuka kwa joto: mhimili wa mita 30 ukiongezeka joto kwa nyuzi 30 za Selsiasi hurefuka kwa takriban milimita 11. Kwa sababu hiyo ncha moja hufungwa imara, na nyingine hukaa juu ya bamba la kuteleza au magurudumu. Modeli yenye vikalio vilivyofungwa ncha zote mbili inaonyesha daraja ambalo lingesukuma na kupasua kuta zake.

Mataruma ya daraja. Reli ya Kati ilijulikana kwa mataruma ya chuma, ambayo hayaliwi na mchwa. Kwenye madaraja ya wazi yasiyo na kokoto, hata hivyo, mbao nene hutumika mara nyingi kwa kuwa zinaweza kuchongwa zikae sawasawa juu ya mhimili. Hupangwa karibu zaidi kuliko kwenye njia ya kawaida.

Reli za kinga. Ni reli mbili za ziada kati ya zile kuu. Gurudumu likitoka njiani huzuiwa lisiende pembeni na kuangusha behewa mtoni.

Njia ya miguu, vishikio na vijukwaa. Hutumiwa na wakaguzi na mafundi wa njia. Kijukwaa ni mahali pa kujihifadhi treni inapopita.

## Kupata vipimo sahihi

Kipuri hakitafutwi kabla ya kujua kinachotafutwa. Vyanzo vikuu ni picha za kale, michoro na upimaji wa mahali penyewe.

Picha nyingi za Reli ya Kati wakati wa Wajerumani zimehifadhiwa katika mkusanyiko wa picha za kikoloni wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, na zile za mpigapicha Walther Dobbertin ziko katika Hifadhi ya Taifa ya Ujerumani. Nyingi zinaonekana kwenye intaneti. Kwa reli za Afrika Mashariki kwa jumla, Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana vifaa na mabehewa halisi.

Picha isiyo na kipimo bado inaweza kupimwa ikiwa kuna kitu kinachojulikana ndani yake. Kwa reli hii kitu hicho ni geji yenyewe. Kwenye picha iliyopigwa ikitazama daraja kwa mbele, ikiwa nafasi kati ya reli ni sentimita 2, basi kila sentimita 1 mahali hapo ni nusu mita. Kitu kilicho nyuma zaidi huonekana kidogo, kwa hiyo njia hii hutumika tu kwa vitu vilivyo umbali mmoja na sehemu iliyopimwa.

Kupanda au kutembea juu ya daraja la reli linalotumika ni hatari kwa maisha. Treni haiwezi kusimama ghafla, na kwenye daraja hakuna pa kukimbilia. Anayetaka kupima au kupiga picha huomba ruhusa kwa Shirika la Reli Tanzania, akianzia kwa mkuu wa stesheni, na hupima akiwa pamoja na mtumishi wa njia. Vipimo vingi vya kuta na mihimili vinaweza kuchukuliwa kwa picha kutoka bondeni wakati wa kiangazi, rula ndefu ikiwa imesimamishwa kando ya ukuta.

## Upatikanaji wa vipuri

### Vya kuagiza

Kampuni za Marekani kama Walthers, Micro Engineering, Central Valley na Tichy huuza mihimili, ribiti, nati na vishikio vya plastiki. Evergreen hutengeneza vijiti na mabamba ya plastiki yenye unene maalumu. Faller na kampuni nyingine za Ujerumani huuza seti nzima za madaraja. Bemo, pia ya Ujerumani, inajulikana kwa H0m, lakini bidhaa zake huonyesha zaidi reli za milimani za Uswisi.

Kabla ya kulipia, mambo manne hukaguliwa: skeli, geji, enzi na nchi. Daraja la matao ya mawe la Uswisi lina geji sahihi lakini si la uwanda wa Unyamwezi. Seti za Kimarekani za madaraja ya mbao huja na mapipa ya maji ya kuzimia moto uliotokana na cheche za injini za mvuke. Kuyaweka mapipa hayo juu ya daraja la chuma lisilo na mbao ni kuongeza kitu kisicho na kazi. Gharama ya usafirishaji na ushuru nayo inaweza kupita bei ya kipuri chenyewe, hivyo ni busara kuagiza tu kile kisichoweza kutengenezwa nyumbani, kama vile mabamba madogo ya shaba yaliyotobolewa.

### Vya mtaani

Vitu vingi vinavyopatikana katika duka la baiskeli, la umeme au kwa fundi bati vina vipimo vinavyokaribia kabisa mahitaji ya skeli ya 1:87.

* Kopo la soda. Bati lake la alumini lina unene wa takriban milimita 0.1. Kuzidisha kwa 87 ni karibu milimita 9, unene unaokubalika kwa bamba la mhimili.
* Waya wa kebo ya mtandao. Uzi mmoja wa shaba una kipenyo cha takriban milimita 0.5, sawa na bomba la sentimita 4 hivi. Unafaa kwa vishikio.
* Spoki ya baiskeli. Ina milimita 2, sawa na sentimita 17. Vipande vyake vifupi hufaa kuwa magurudumu ya kikalio.
* Njiti ya kiberiti. Ina takriban milimita 2 kila upande. Njiti ya milimita 45 hukatwa mara mbili, ikatoa mataruma mawili ya karibu mita 2.
* Kijiti cha mshikaki. Kijiti cha milimita 3 ni nguzo ya mbao ya sentimita 26.
* Mchanga wa mtoni. Huchekechwa kwa chujio la chai, punje ndogo zikawa mchanga wa bonde na kubwa zikawa kokoto.

Si kila kitu kinachoonekana kufaa kinafaa. Wavu wa dirisha wa kuzuia mbu hupendwa kama sakafu ya njia ya miguu. Lakini tundu la milimita 1.5 katika 1:87 ni sentimita 13, na mguu wa mtu ungezama humo. Katika skeli ya 1:45 bado ni karibu sentimita 7. Kadibodi laini iliyokwaruzwa mistari, ikionyesha mbao, huwa sahihi zaidi.

### Vya kujitengenezea

Ribiti hutengenezwa kwa kulaza bati la kopo juu ya kipande cha ngozi au mpira na kubonyeza kwa ncha butu ya sindano kutoka nyuma. Kichwa cha ribiti halisi chenye kipenyo cha milimita 35 huwa milimita 0.4 katika 1:87. Kwa hiyo vidoto vinavyoonekana wazi kutoka mita moja ni vikubwa kupita kiasi. Karatasi ya grafu yenye miraba ya milimita, iliyobandikwa nyuma ya bati, huweka safu sawa. Mara bati likikatwa na kukunjwa ni vigumu kubonyeza ribiti, hivyo kazi hii hufanywa kwanza.

Matofali na mawe ya ukuta huchongwa kwenye plasta kavu au kadibodi nene. Vikalio vinavyofanana vinaweza kumiminwa kwa plasta au utomvu wa kuganda ndani ya kalibu ya silikoni, kielelezo kimoja kikitoa nakala nyingi.

## Ufungaji

Utaratibu una maana, kwa sababu sehemu iliyofungwa mapema huzuia mkono kufika kwenye iliyo ndani. Kwa kawaida kazi hufuata mpangilio huu:

1. Kubonyeza ribiti na kukata mabamba.
2. Kufunga vikazio kwenye kila mhimili, kuanzia juu ya vikalio kuelekea katikati.
3. Kuunganisha mihimili miwili kwa vyuma vya kukingama, ukikagua kwa pembe mraba kwamba haikupinda.
4. Kuweka vikalio, kimoja imara na kingine cha kuteleza.
5. Kulaza mataruma, reli kuu, kisha reli za kinga.
6. Kupitisha behewa refu na pana kuliko yote kwa mkono.
7. Kufunga njia ya miguu, vijukwaa na vishikio.

Hatua ya sita hurukwa mara nyingi, na matokeo yake ni vishikio vinavyogongwa na treni ya kwanza.

Gundi huchaguliwa kwa kufuata malighafi. Gundi ya plastiki huyeyusha kidogo nyuso mbili za plastiki na kuziunganisha, lakini haishiki metali. Gundi ya haraka hushika metali na plastiki, ila haijazi nafasi, na mvuke wake huacha ukungu mweupe karibu na kiungo. Kopo la soda lina rangi nje na utando ndani, hivyo husuguliwa kwa msasa kwanza. Alumini hailehemiki kwa risasi ya kawaida. Shaba na bati la kopo la maziwa hulehemika vizuri, na kiungo chake huwa imara kuliko cha gundi.

Kishikio kilichobandikwa juu juu tu hung'oka kinapoguswa. Fundi hutoboa tundu la milimita 0.5, hupachika mguu wa waya ndani yake na kuweka tone dogo la gundi kwa ncha ya kijiti. Ili miguu yote iwe na kimo kimoja, kipande cha kadibodi chenye upana unaotakiwa huwekwa chini ya waya hadi gundi ikauke.

Kwenye reli ndogo za umeme, reli ya kushoto na ya kulia huwa na nguzo tofauti za umeme. Reli ya kinga ya metali ikigusana na reli kuu za pande zote mbili, au reli zote mbili zikilehemiwa kwenye mhimili wa bati, hutokea shoti. Reli za kinga hubandikwa kwa gundi juu ya mbao na kuachiwa nafasi. Nafasi hiyo huwa kubwa kidogo kuliko ya kweli, kwa kuwa kingo za magurudumu ya modeli ni nene kupita skeli yake.

Kulehemu, gundi ya haraka na rangi za kupuliza hufanyika penye hewa ya kutosha. Kingo za kopo lililokatwa ni kali kama wembe na hulainishwa kwa msasa kabla ya kushikwa. Watoto hufanya kazi hizi wakisimamiwa.

## Rangi na uchakavu

Kutu haitokei popote tu. Huanza mahali maji yanapotuama: juu ya ukingo wa chini wa mhimili, nyuma ya vikazio na kwenye vikalio. Chini ya reli huwa na vumbi la kahawia la magurudumu na breki. Ukuta huwa na mstari wa tope unaoonyesha kimo cha mafuriko ya mwisho. Mstari huo mmoja, uliopakwa kwa rangi nyepesi iliyochanganywa na maji, humweleza mtazamaji kwa nini daraja kubwa limejengwa juu ya mchanga mkavu. Vumbi jekundu la Tabora lenyewe, likichekechwa kwa kitambaa, hutumika kama rangi.

## Matumizi na umuhimu

Shuleni, modeli ya daraja hutumika kufundisha uwiano, nguvu, mtanuko wa chuma na historia kwa pamoja. Mwanafunzi aliyelazimika kuamua kikalio kipi kiteleze hakariri tena kanuni ya mtanuko bali huitumia. Tabora pia ina chuo cha mafunzo ya reli, na taaluma hizo ni za msingi kwa anayekusudia kufanya kazi ya njia na madaraja.

Matumizi mengine ni kuhifadhi kumbukumbu. Reli mpya ya geji ya milimita 1,435, inayoendeshwa kwa umeme, ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na mikataba ya kuifikisha Tabora, Isaka na Kigoma ilisainiwa mwaka 2021 na 2022. Madaraja yake ni ya aina nyingine, na modeli yake huhitaji vipuri vingine, hasa nguzo na nyaya za umeme. Kwa skeli ya 1:87 inatosheka na njia ya kawaida ya milimita 16.5.

Daraja la zamani likibadilishwa, chuma chake hukatwa na kuuzwa kwa uzito, na ribiti zake hazihesabiwi tena na mtu. Picha huonyesha upande mmoja tu. Modeli iliyotengenezwa kwa vipimo vilivyochukuliwa mapema, pamoja na daftari la vipimo hivyo, huonyesha pande zote, hata ule wa chini ambao abiria hakuwahi kuuona. Kwa sababu hiyo watengenezaji makini huandika chini ya ubao wa modeli jina la mahali, mwaka unaoonyeshwa, skeli, na sehemu zipi zilipimwa na zipi zilikadiriwa.

## Tazama pia

* Reli ya Kati
* Tabora
* MV Liemba
* TAZARA
* Shirika la Reli Tanzania